Fortunat na Maji ya Mlima Zaghouan

Fortunat Bisimwa alikuwa mtu wa kiu. Si kiu ya pombe, maana pombe aliiacha Bukavu pamoja na mambo mengine mengi, bali kiu hasa, ya maji, ile inayokausha koo mpaka mate yenyewe yanakuwa kazi kuyameza. Na kiu hiyo alijitakia mwenyewe. Mhudumu wa wazee anayezunguka London kutoka nyumba hadi nyumba hana choo chake popote. Choo cha mteja ni cha mteja, cha stesheni kimefungwa, na ukitaka cha mkahawani sharti ununue chai, ambayo nayo itakudai choo kingine baadaye. Kwa hiyo wahudumu waliozoea kazi hawanywi. Fortunat alikunywa alfajiri kabla ya kutoka nyumbani kwake Thamesmead, akanywa tena jioni akirudi, na katikati ya hapo alitembea na midomo iliyopasuka, akiipaka mafuta ya mgando kila alipokumbuka.

Alikuwa na miaka hamsini na saba na alikuwa amechoka. Tuseme hivyo tu, bila mapambo. Kuna uchovu wa siku, ambao ukilala unaondoka, na kuna ule unaolala nao na kuamka nao, unavaa nao soksi. Wake ulikuwa huo wa pili. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa mhudumu wa baa mtaa wa Nguba, shati jeupe, tai nyeusi, trei juu ya ncha za vidole. Vita vikamtoa. Akaja Uingereza, akakaa miaka akingoja kukubaliwa kama mkimbizi, akafagia ofisi za watu ambao hakuwahi kuwaona sura, magoti yakagoma, ndipo akaingia kwenye kazi ya kuhudumia wazee, ambayo nayo haina huruma na magoti. Binti yake Raïssa, aliyezaliwa hapahapa, alimwambia kwa Kiingereza apumzike. Yeye akamjibu kwa Kiswahili kwamba atapumzika. Walielewana vizuri kabisa, ila hakuna aliyemwamini mwenzake.

Katika wateja wake wote, mmoja tu ndiye aliyempunguzia uzito wa siku. Huyo aliitwa Si Béchir. Hilo "Si" ndivyo Watunisia wanavyomtanguliza mtu mzima kwa heshima, kama sisi tunavyosema Mzee au Bwana. Aliishi ghorofa ya pili huko Walthamstow, karibu na soko lile refu la barabarani, na kampuni ilimpa Fortunat kazi hiyo kwa sababu ya lugha. Mratibu wao, Minal, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kukulia Ilford, alimpigia simu siku moja.

"Bwana Fortunat, wewe ni Mkongo, French unayo. Kuna mzee Walthamstow hapa, English yote imemtoka. Anaongea Arabic na French peke yake. Tafadhali usinikatae."

Fortunat hakumkataa. Alikuwa mtu asiyejua kukataa, na kwa hilo Laurette, mkewe, alikuwa akimsema kila siku ya Mungu.

Si Béchir alikuwa ameishi London miaka hamsini, kwanza akisugua masufuria katika majiko ya hoteli, kisha akipika. Kiingereza chake kilikuwa safi. Lakini ugonjwa wa kusahau ulipomwingia ulianza kula kule juu, kwa vitu alivyovipata ukubwani. Ukala Kiingereza, ukala majina ya mitaa, ukala na kifo cha mkewe, kwa hiyo wakati mwingine alimuulizia. Kilichobaki kilikuwa Kiarabu cha mama yake, Kifaransa cha shule, na mlima.

Na tatizo lake lilikuwa moja: hakunywa maji. Chakula alikula, dawa alimeza kwa kijiko cha mtindi, lakini glasi ukimpelekea aliiangalia, akakuangalia wewe, akaisukuma. Alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa sababu hiyo. Daktari alimwambia binti yake, Olfa, bila kuzunguka: akilazwa tena kwa kukaukiwa maji, kurudi kwenye nyumba yake kutakuwa kwa shida. Atatafutiwa nafasi katika nyumba ya wazee, pengine nje ya London kabisa, mahali ambapo hakuna anayejua Kiarabu wala Kifaransa. Mtu ambaye hana tena maneno ya kuomba hata blanketi, apelekwe akae na wasiomwelewa. Olfa alikuwa mwalimu, ana watoto wadogo, anaishi Croydon, upande wa pili kabisa wa jiji. Alifunga kamera sebuleni ili yeye akiwa kazini amwone baba yake, akamwambia Fortunat neno moja.

"Mengine yakikushinda nitakusamehe, Monsieur Fortunat. Lakini mnyweshe."

Fortunat alijaribu kila ujanja. Maji ya bomba, Si Béchir alisukuma. Maji ya limau, akasukuma. Olfa akadhani baba yake anachukia maji ya London, haya yanayoacha chokaa kwenye birika, akaagiza chupa za maji kutoka nyumbani, maji ya chini ya mlima wenyewe. Shangazi yake aliyekuja kutembea alizibeba kwenye begi, amezifunga kwa mataulo kama mayai. Hayo nayo Si Béchir aliyanusa, akatabasamu kama aliyekutana na jirani wa zamani, akayasukuma.

Na kila mara, kabla ya kusukuma, aliuliza swali lilelile.

"Wa huko mjini wamekunywa?"

"Wamekunywa, Si Béchir," Fortunat alijibu, maana kazi hii inafundisha kutobishana na mgonjwa.

Mzee alimkazia macho usoni, chini kidogo ya pua, akatikisa kichwa kama mtu anayedanganywa na mtoto. Kisha akageukia picha ya ukutani.

Picha hiyo ilikuwa ya mlima Zaghouan. Jabali la kijivu limesimama peke yake kusini ya Tunis, na chini yake, penye chemchemi, ukuta wa mawe uliopinda nusu duara. Si Béchir alizaliwa hapo chini. Jana yake hakuikumbuka, lakini habari za mlima huo zilimtoka moja kwa moja, na Fortunat alizisikiliza huku akimkanda miguu.

Hapo zamani, alisema, Warumi waliichoma Karthago mpaka majivu, halafu, watu wa ajabu hao, wakaijenga tena. Mji ukakua, ukanenepa, ukakosa maji. Mvua ikagoma miaka mitano. Kaisari wao, Hadriani, akaja kutembea, na siku aliyotua mvua ikanyesha, watu wakampenda kwa kitu ambacho hakukifanya. Lakini mvua ya bahati hailishi mji. Basi wakautazama mlima. Wakajenga mfereji kutoka chemchemi ya Zaghouan hadi Karthago, zaidi ya kilomita mia moja ukihesabu na kona zake, mahali pengine chini ya ardhi, mahali pengine juu ya matao marefu yanayovuka bonde. Na hapa penye chemchemi wakajenga hekalu la maji, lenye mashubaka kumi na mawili, na ndani ya kila shubaka sanamu.

"Sanamu ziko wapi sasa?" Fortunat aliuliza mara ya kwanza.

"Zimeondoka. Zilichoka kusimama," alisema Si Béchir, akacheka.

Baada ya Warumi wakaja Wavandali, na mfalme wao wa mwisho akaukata mfereji ili adui aliyeingia mjini afe kwa kiu. Baadaye masultani wakautengeneza. Ukavunjika tena. Wakaja Waislamu waliofukuzwa Uhispania, hawana mbele wala nyuma, wakapewa ardhi chini ya mlima, wakapanda mawaridi kwa maji yaleyale. Kisha mabei, watawala wa Tunis, wakaufufua mfereji kwa mabomba ya chuma. Miaka karibu elfu mbili, watu wanakuja na kuondoka, wanajenga na kubomoa, na mlima unatoa maji tu, haumuulizi mtu anatoka wapi.

Fortunat alipenda hapo. Mlima usiomuuliza mtu anatoka wapi! Yeye alikuwa ameulizwa swali hilo London mpaka akachoka kulijibu.

Basi ikaja siku moja ya Jumanne, mwezi wa tatu, baridi ya kukata masikio. Treni za kutoka Abbey Wood zilikuwa na shida. Fortunat alichelewa kwa mteja wa kwanza, akatukanwa, akachelewa kwa wa pili, akatukanwa kwa adabu. Alipofika Walthamstow miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vinambana, na kichwa kilikuwa mahali pengine. Alifungua chupa ya Zaghouan mbele ya mzee, akamimina kwenye glasi, na mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukaipeleka glasi mdomoni. Akapiga mafunda mawili makubwa. Ndipo akashtuka. Lahaula! Amekunywa maji ya mteja.

Alipogeuka, Si Béchir alikuwa amenyoosha mkono. Aliichukua glasi ileile, akaigeuza upande wa pili, akanywa mpaka chini.

Fortunat alikaa kitini bila kuombwa. Na hapo, kwa kuwa alikuwa mtu wa Bukavu, alielewa mambo yote. Yaani alidhani ameelewa.

Mtu wa Bukavu hahitaji maelezo haya, ila wengine tuwape. Kule kuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu ya kimyakimya, inatiwa kwenye kinywaji, na aliyeinywa hadondoki hapohapo. Anakauka polepole nyumbani kwake huku watu wakinong'ona. Ni kweli au ni hofu tu, hilo usimuulize mtu wa huko, atakupa orodha ya marehemu. Anselme, mjomba wake Fortunat, alirudi kutoka harusini akaanza kukonda. Hospitali ikasema ini. Ukoo mzima ukasema kikombe. Ndiyo sababu katika baa za Bukavu chupa inafunguliwa mezani, mbele ya macho ya mnywaji, na ukimletea mtu chupa iliyofunguliwa unajitafutia ugomvi. Na nyumbani, anayemimina ndiye anayeonja kwanza, mgeni amwone akimeza. Miaka yote ya shati jeupe na tai, mkono wa Fortunat ulijifunza hivyo, na siku ile ya uchovu mkono ulirudi kwao.

Jioni alimkuta Laurette jikoni akikoroga sombe, kisamvu cha kwao.

"Mama Raïssa, leo ule muzee wangu wa Walthamstow amekunywa maji."

"Amekunywa? Umemufanya namna gani?"

"Nilionja mbele yake. Kumbe muzee anaogopa karuho."

Laurette aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Eh! Hata ba Arabu bako na karuho?"

"Karuho iko fasi yote. Majina tu njo inabadilika."

"Masikini ya Mungu! Njo maana alikuwa anakataa. Basi endelea kumuonjea, Papa Raïssa. Mutu akiogopa haiko mabaya yake."

Akaendelea. Kila alipokuja alifungua chupa mezani, kama zamani, akamimina, akanywa kwanza, kidogo tu, akampa mzee, na mzee akanywa. Rangi ikamrudi Si Béchir. Ngozi ya mikono ikalainika. Alianza kuimba asubuhi. Na Fortunat, ambaye sasa alipata mafunda yake machache ya mlima katikati ya siku, aliona saa za Walthamstow zinapita bila kumkwaruza. Kanuni za kampuni alizijua: mhudumu hali wala hanywi cha mteja. Alijitia hamnazo. Alijiambia kwamba kanuni hizo ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kuogopa kikombe.

Ila kamera ya Olfa haikujitia hamnazo.

Olfa alikuwa amekaa wakati wa mapumziko ya shule, amechoka naye vilevile, akafungua simu amwone baba yake. Akamwona mhudumu wake anamimina maji yaliyobebwa na shangazi yake kutoka Tunis, anayanywa, halafu anampa baba yake mabaki. Akatazama siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu akapiga simu Ilford, ofisini kwa Minal.

"Bwana Fortunat," Minal alisema, na sauti yake haikuwa na utani, "family wameleta complaint, na video iko. Kesho uje ofisini. Olfa pia anakuja."

Ofisini kulikuwa na meza nyeupe na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Olfa hakukaa vizuri kitini. Alikaa ukingoni, mkoba mapajani.

"Nilikuamini," alimwambia kwa Kifaransa. "Maji hayo si ya kiu yako. Ungeniambia una kiu ningekununulia ya dukani."

Laiti Fortunat angeomba msamaha akanyamaza. Lakini alitaka kumpasulia ukweli, maana aliuona ukweli wake ni mzuri.

"Madame Olfa, si kiu. Ninaonja ili aone. Baba yako anaogopa kuwekewa sumu."

Uso wa Olfa ulibadilika. "Sumu ya nani?"

Fortunat akaona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshakwenda.

"Anayemletea chakula ni mimi," alisema Olfa polepole. "Anayempangia dawa ni mimi. Maji nimeyaagiza mimi. Kwa hiyo unaniambia baba yangu anaamini mimi ninamuua?"

"Hapana, madame, si wewe. Kwetu Bukavu..."

"Hapa si Bukavu!" Na akalia, kilio cha mtu aliyekibeba muda mrefu, si cha siku hiyo tu. Minal akamsogezea karatasi laini. Fortunat akatazama mikono yake. Alikuwa amejichongea mwenyewe, na kibaya zaidi, amemuumiza mtoto wa watu.

Hawakumfukuza. Minal alimtetea kadiri alivyoweza, akasema amefanya kazi miaka bila doa. Walimtoa Walthamstow tu, wakampa wazee wengine upande wa Woolwich, karibu na kwake. Laurette alishukuru. Fortunat hakushukuru. Alirudi kwenye kiu yake ya zamani, ya alfajiri hadi jioni, na ule uchovu wa kulala nao ukapanda ngazi moja.

Wiki hazikupita nyingi, Minal akampigia kumpangia kazi. Mwisho wa maneno akaongeza jambo moja.

"Yule mzee wako amelazwa," akasema. "Tulimpeleka mtu mzuri, French anajua, chupa ni zilezile. Hakunywa kitu. Nimefikiri tu ujue."

Fortunat alisimama njiani na simu mkononi. Roho ilimuuma, na tusiseme vingine. Alimaliza mteja wa mwisho wa mchana, akampigia Laurette kwamba atachelewa.

"Utaenda kutafuta nini kule?" Laurette aliuliza. "Bakikuona, na hii kazi yenye imebakia batakunyanganya."

"Naenda kumuona tu."

"Unachoka, Papa Raïssa. Miguu yako nimeiangalia asubuhi."

"Nachoka, ndiyo," alisema Fortunat. "Lakini naenda."

Safari ilikuwa ndefu, basi, treni, na basi jingine, na hakunywa kitu tangu alfajiri. Alifika wodini saa ya kutazama wagonjwa. Olfa alikuwa pale, ameshika tama, nywele hazijachanwa. Alimwona Fortunat, na Fortunat akangoja afukuzwe. Lakini hasira inataka nguvu, na Olfa hakuwa nazo. Alimwonyesha kiti kwa kidevu.

Si Béchir alikuwa amepungua mpaka shuka lilionekana kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Mpira wa maji ya dripu ulimwingia mkononi. Juu ya kimeza palikuwa na jagi na vikombe vya plastiki, havijaguswa.

"Wamesema wanampa mpaka Ijumaa," Olfa alisema. "Akinywa mwenyewe, anarudi nyumbani. Asiponywa, wamepata nafasi kule Kent. Nimeiona. Ni safi. Hakuna hata mtu mmoja wa kumsalimia."

Ndipo mzee akafungua macho, akamwona, akakunja uso kama anayemtafuta mtu gizani.

"Wa huko mjini wamekunywa?" akauliza.

Olfa akashusha pumzi. "Tena hilo swali."

"Hata mimi aliniuliza kila siku," alisema Fortunat. "Nilidhani ni ugonjwa. Ni watu gani hao?"

"Si ugonjwa. Ni neno la babu yangu." Olfa alizungumza akiangalia dirisha, kama mtu anayesimulia jambo alilolisikia mpaka likamchosha. "Babu alikuwa mlinzi wa chemchemi, pale penye magofu, na baba yake kabla yake. Walikuwa na sheria ya nyumba yao. Mlinzi anakaa kwenye mdomo wa maji, anaweza kunywa saa yoyote. Kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho. Maji yateremke kwanza, mji unywe. Na mtu akipanda kutoka mjini, mlinzi lazima amuulize, wa huko wamekunywa? Hata akijibu ndiyo, asimwamini. Amtazame midomo. Ikiwa imekauka, basi mfereji umevunjika mahali, na mlinzi hatii tone kinywani mpaka yule mtu anywe. Siku moja baba, akiwa mtoto, alipiga magoti akanywa, na msafiri amesimama nyuma yake na kiu. Babu alimchapa. Baba alikuwa anatusimulia anacheka, lakini hakuwahi kuanza kunywa mezani, hata siku moja. Alingoja sote tunywe. Mama alikuwa anamkasirikia kwa..."

Hakuimaliza. Aligeuka akamtazama Fortunat. Akamtazama midomo.

Fortunat alikuwa ameshaweka vidole hapo. Aligusa ngozi iliyopasuka, ngumu, yenye chumvi ya siku nzima. Alikumbuka yale macho ya mzee, yaliyomtazama chini kidogo ya pua kila alipodanganya kwamba wamekunywa. Hakukuwa na karuho. Hakukuwa na hofu ya mtu yeyote. Miezi yote ile alidhani yeye ndiye anayemngojea mzee anywe, kumbe mzee ndiye aliyekuwa akimngojea yeye. Mtu aliyesahau hata kifo cha mkewe hakusahau kumwonea huruma mwenye kiu aliyeingia mlangoni. Na huku London, kwa miaka yote hiyo, nani mwingine aliyewahi kumtazama Fortunat akajua kwamba ana kiu? Alijisikia vibaya, akajisikia vizuri, vyote kwa pamoja, na machozi yakamtoka bila kumpa nafasi ya kugeuka.

Olfa alisimama, akamimina maji, maji ya jagi tu, ya bomba. Akampa kwa mikono miwili.

"Nilikutoa kazini kwa sababu ulikunywa," alisema. "Sasa nakuomba unywe."

Fortunat alikunywa. Si mafunda ya kuonja. Alikunywa kikombe chote, na Si Béchir akifuata kila funda kwa macho. Kilipoisha, mzee alihamisha macho polepole hadi kwa binti yake, aliyekuwa pale tangu asubuhi na chai yake imepoa kwenye kikombe.

"Na huyu?" akauliza.

Olfa alijimiminia, akanywa amesimama, akilia na kumeza kwa zamu, mpaka maji mengine yakamwagika kwenye sweta.

"Maji yamefika?" aliuliza Si Béchir.

"Yamefika, Si Béchir," alisema Fortunat, na safari hii hakudanganya. "Yamefika mpaka mwisho."

"Basi nipe na mimi."

Fortunat alimwinua kichwa, Olfa akamshikia kikombe, na mzee akanywa taratibu, akipumzika, akinywa tena. Alipomaliza nusu alifumba macho, wakadhani amelala. Olfa alijifuta uso kwa kiganja.

"Ijumaa uje Walthamstow," alimnong'oneza Fortunat. "Minal nitaongea naye mwenyewe."

Fortunat aliitikia kwa kichwa, akatafuta koti lake. Ilimbidi aondoke mapema. Kuna basi, treni, na basi jingine hadi Thamesmead, njia nzima hakuna choo, na kikombe kile kizima kilikuwa kimeshaanza kumdai. Lakini Si Béchir alikuwa amefungua macho tena. Alimtazama midomo. Kisha akakisukuma kile kikombe cha nusu kuelekea upande wake, kwa mkono wenye dripu.

"Mji uko mbali, mwanangu," alisema. "Ongeza."

Fortunat akaliweka koti chini, akakaa, akanywa.